Sukari ya alfajiri ikipanda: pima saa tisa usiku kabla ya kuongeza insulini

Msomaji wa Muheza, mkoani Tanga, anauliza:

"Mama yangu ana miaka 63 na ameishi na kisukari aina ya pili kwa muda mrefu. Anachoma insulini ya mchanganyiko 30/70, uniti 24 asubuhi na uniti 16 saa moja jioni, na anameza metformin. Analala sukari ikiwa 7 au 8. Asubuhi, hata chai hajanywa, mashine inasoma 12, 13, siku nyingine 14. Usiku hali kitu, au niseme hatumwoni akila. Kuna siku anaamka kichwa kinamuuma na kanga imelowa jasho. Jirani yetu, naye ana kisukari, anasema tumwongezee dozi ya jioni. Tuongeze uniti ngapi?"

Ndugu yangu, kwa sasa msiongeze hata uniti moja. Kwanza ijulikane sukari ya mama ni ngapi saa tisa usiku. Mtu anayeamka na 13 huenda alikaa kwenye 8 usiku kucha akapanda alfajiri. Huenda alianza kupanda tangu saa tano kwa sababu ya chakula cha jioni. Huenda pia alishuka hadi 3 usiku wa manane, akashtuka, akala kitu gizani, kisha sukari ikaruka. Asubuhi mashine itasoma 13 kwa wote watatu, lakini yule wa mwisho ukimwongezea insulini ya jioni unaweza kumkuta hajitambui. Jasho la usiku na kichwa kuuma asubuhi ni dalili za sukari kushuka usingizini, na ndiyo maana nasema msubiri.

Kwanza jambo linalowashangaza wengi: sukari inapandaje kwa mtu ambaye hajala? Inatoka kwenye ini. Ini ni ghala la sukari, na usiku hulisha ubongo na viungo vingine kwa kuachia kidogo kidogo ile iliyowekwa akiba, na kwa kutengeneza nyingine mpya. Kuanzia kama saa tisa usiku hadi saa mbili asubuhi mwili hujiandaa kuamka. Homoni ya kotisoli hupanda, na homoni ya ukuaji iliyomwagika usingizini huwa bado inafanya kazi. Zote mbili huliambia ini liachie zaidi, na huifanya misuli iwe mizito kuipokea sukari hiyo. Jambo hili hutokea kwa kila binadamu. Asiye na kisukari, kongosho lake huongeza insulini kidogo na sukari haionekani kusogea. Mwenye kisukari hana nyongeza hiyo, kwa hiyo anapanda. Kwa wengi ni mmol 1 hadi 3 kwa lita, kipimo kilekile cha namba za mashine, kwa wengine zaidi. Huku ndiko kupanda kwa alfajiri, na hakuna aliyekosea kitu.

Sasa tuitazame insulini yenyewe, kwa sababu hapa ndipo ushauri wa jirani unapokwama. Namba 30/70 maana yake asilimia 30 ni insulini ya haraka na asilimia 70 ni insulini ya muda wa kati, ile inayofanya chupa iwe na rangi ya maziwa. Katika uniti 16 za mama, karibu uniti 5 ni za haraka na 11 ni za muda wa kati. Akichoma saa moja jioni, zile 5 zinashughulikia chakula cha jioni na nguvu yake kubwa inapita kabla ya usiku wa manane. Zile 11 zinaanza polepole, na kwa watu wengi zinafika kileleni saa nne hadi kumi baada ya sindano, yaani kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri, mara nyingi katika nusu ya kwanza ya muda huo. Kwa hiyo insulini ina nguvu zaidi wakati mwili unaihitaji kidogo kuliko saa zote, usiku wa manane, na inaanza kuchoka wakati ini linafungua mlango. Mkimwongezea uniti 4, dozi ikawa 20, mtakuwa mmemwongezea uniti 1 tu ya haraka na karibu 3 za muda wa kati, na sehemu kubwa ya hizo 3 itamkuta kati ya saa sita na saa tisa. Shimo la usiku linazidi kuchimbika, na asubuhi inaweza isibadilike hata kidogo.

Kuna maelezo ya zamani ambayo huenda mtayasikia kliniki: kwamba sukari ikishuka sana usiku, mwili hujibu kwa nguvu na kuirusha juu asubuhi. Wazo hilo lilitolewa katika miaka ya 1930 na Michael Somogyi, mwanakemia mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi St. Louis, Marekani. Mwili kweli hujitetea, lakini tangu vilipopatikana vihisi vinavyopima sukari usiku kucha, imeonekana kwamba aliyeshuka usiku kwa kawaida huamka na sukari ya chini. Kwa hiyo mtu akishuka usiku kisha akaamka na 13, mimi huuliza kwanza alikula nini. Mtu aliyeshuka huamka na njaa isiyo ya kawaida, anatetemeka, anakwenda jikoni. Kikombe cha chai yenye vijiko vitano vya sukari na mkate vinatosha kabisa kumfikisha huko, na asubuhi huenda hakumbuki vizuri, au anaona haya kusema. Muulizeni mama kwa upole, bila kumshutumu. Umeandika "hatumwoni akila", na hiyo ni tofauti na kusema hali kitu.

Kupima si kazi kubwa. Chagueni usiku mitatu ndani ya wiki moja au mbili, usiku wa kawaida, asipokuwa mgonjwa wala hajatoka kwenye sherehe. Kila usiku pimeni saa nne kabla hajalala, saa tisa, na saa kumi na mbili asubuhi kabla hajaweka chochote mdomoni. Usiku mmoja kati ya hiyo ongezeni kipimo cha saa saba, kwa sababu kilele cha insulini ya muda wa kati hakifiki saa ileile kwa kila mtu, na wengine hushuka mapema. Jumla ni vijiti kumi. Najua vijiti ni ghali. Ikiwa mnapima kila asubuhi kwa mazoea, acheni baadhi ya asubuhi na mhamishie vijiti hivyo kwenye saa tisa. Anayepima awe wewe au mtu mwingine wa nyumbani. Msimwachie mama ajipimie akiwa na usingizi.

Anawe mikono kwa sabuni na kuifuta ikauke kabla ya kuchoma kidole. Huko kwenu kwenye machungwa hili ni la lazima: kidole chenye maji ya chungwa kinaweza kuionyesha mashine 15 wakati damu yenyewe ni 8. Chomeni pembeni mwa ncha ya kidole, ambako hakuumi sana. Kopo la vijiti lifungwe mara tu kijiti kinapotoka, maana unyevu wa pwani unaviharibu kabla ya tarehe yake. Tena msihangaishwe na tofauti ndogo. Kiwango cha kimataifa kinairuhusu mashine ikosee hadi asilimia 15 juu au chini, na pale sukari inapokuwa chini ya 5.5, hadi 0.8 hivi. Kwa hiyo 8.1 na 8.9 ni namba moja. 8 na 12 ndizo tofauti.

Pembeni mwa kila namba andikeni saa aliyochoma sindano, saa aliyokula, alikula nini na kiasi gani, na kama mchana alilima au alitembea sana. Kazi nzito ya mchana huifanya misuli iendelee kuvuta sukari hadi usiku, na watu wengi hawaunganishi jembe la saa nne asubuhi na jasho la saa nane usiku.

Tuseme sasa namba mnazo. Ikiwa saa nne ni 8, saa tisa ni 8 na asubuhi ni 13, hilo ni ini pamoja na insulini iliyoisha nguvu. Mama hayumo hatarini usiku, na tatizo ni saa ya insulini zaidi kuliko wingi wake. Ikiwa saa nne ni 8, saa tisa ni 12 na asubuhi 13, tazameni chakula. Wali wa nazi, pilau, chapati na vyakula vya kukaanga vina mafuta yanayochelewesha tumbo kujimwaga, hivyo saa mbili baada ya kula sukari inaonekana nzuri, kisha inapanda akiwa usingizini. Ugali mkubwa wa saa tatu usiku kwa sindano ya saa moja huleta matokeo hayohayo, maana insulini ya haraka imeshatangulia. Sindano ya 30/70 ichomwe dakika 30 kabla ya chakula, na chakula hicho kiliwe kweli dakika 30 baadaye. Asichome kisha akasubiri samaki aive. Mara nyingi kusogeza chakula kiwe saa moja na nusu na kupunguza wanga kwa theluthi moja kunashusha namba ya asubuhi bila kugusa dozi.

Ikiwa saa saba au saa tisa mashine itasoma chini ya 3.9, hiyo ni sukari ya chini hata kama mama anasema hajisikii vibaya. Ikiwa chini ya 3.0, ni hatari. Mtibuni hapohapo kwa gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vinne vya chai vya sukari, vya kusawazisha, vilivyokorogwa kwenye maji kidogo, au nusu glasi ya soda ya kawaida, yaani mililita 150, au kijiko kimoja cha chakula cha asali. Subirini dakika 15, pimeni tena, na kama bado iko chini ya 3.9 rudieni. Ikishapanda, apate kipande cha mkate au kikombe cha maziwa ili isishuke tena, kwa sababu insulini ya muda wa kati bado inaendelea kufanya kazi. Chokoleti na karanga hazifai kwa hatua ya kwanza. Mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Na msimpe chupa nzima ya soda na nusu mkate kwa hofu, maana hapo ndipo 3 inapogeuka 14 ifikapo asubuhi. Mkimkuta hajitambui au hawezi kumeza, msimtie chochote kinywani. Mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali, awekewe sukari ya mshipani.

Mkipata namba ya namna hiyo, msingoje tarehe ya kliniki. Kesho yake asubuhi nendeni au pigeni simu, kabla ya sindano ya jioni. Kwa kawaida daktari hupunguza dozi ya jioni kwa asilimia 10 hadi 20. Kwa mama hiyo ni uniti 2 au 3, yaani achome 13 au 14. Inashangaza, lakini ndivyo ilivyo: mtu mwenye 13 asubuhi anaweza kuhitaji insulini pungufu jioni.

Kuna mambo matatu ningeyauliza kabla ya kufikia hapo. Je, mama anameza pia glibenklamidi? Bado inatolewa sana pamoja na metformin, na watu huziita zote "vidonge vya sukari". Glibenklamidi hulilazimisha kongosho kutoa insulini kwa muda mrefu, hata usiku asipokula, na Shirika la Afya Duniani linasema haifai kwa walio na zaidi ya miaka 60. Ikiwa imo kwenye mfuko wake wa dawa, upelekeni mfuko wote kwa daktari. La pili, figo zake zilipimwa lini? Figo zikidhoofika, insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na dozi iliyomfaa miaka mitano iliyopita inakuwa kubwa mno. La tatu, anatumia dawa za presha za aina ya atenololi au propranololi? Dawa hizo hufunika kutetemeka na mapigo ya moyo kwenda mbio, zikaacha jasho peke yake liwe ndilo la kuonya.

Ikithibitika kwamba tatizo ni alfajiri tupu na usiku ni salama, daktari ana njia kadhaa. Ile ninayoipenda kwa mtu wa 30/70 ni kuigawa sindano ya jioni: insulini ya haraka ichomwe kabla ya chakula, na ya muda wa kati peke yake ichomwe saa nne usiku anapokwenda kulala. Kwa kuisogeza saa tatu mbele, kilele chake kinasogea kuelekea alfajiri, palepale inapohitajika, na usiku wa manane unapumua. Gharama haipandi sana, kwa kuwa insulini zote mbili ni zilezile za kawaida. Kazi inayoongezeka ni sindano moja zaidi na chupa mbili za kutunza. Insulini ya muda mrefu kama glajini haina kilele kikubwa na huenda karibu saa 24, nayo hupunguza kushuka kwa usiku, ila bei yake ni juu na haipatikani kila mahali. Dozi ya usiku ikianza kurekebishwa huenda kwa uniti 2, kisha siku tatu za kutazama kabla ya kugusa tena. Shabaha ya asubuhi kwa watu wazima wengi ni 4.4 hadi 7.2. Kwa mama mwenye dalili za kushuka usiku, daktari anaweza kuridhika na 8 kwa muda, na mimi ningekubaliana naye kabisa.

Kabla ya yote hayo, mtazameni anavyochoma. Nimeona dozi zikipandishwa tena na tena wakati kosa lilikuwa mkononi. Insulini ya rangi ya maziwa hutuama: ikikaa, dawa inazama chini na maji yanabaki juu. Asipoichanganya, leo atavuta maji na kesho atavuta dawa nzito, na sukari itayumba bila sababu inayoonekana. Chupa iviringishwe taratibu kati ya viganja mara kumi, kisha igeuzwe juu chini mara kumi, hadi iwe nyeupe sawasawa. Isitikiswe kwa nguvu, maana mapovu huingia kwenye bomba la sindano na kupunguza dozi. Ikiwa bado ina chembe au mabonge, itupwe.

Halafu mpapaseni tumbo na mapaja, kwa vidole vyenye sabuni ili viteleze. Mahali palipochomwa mara nyingi huota uvimbe laini au mgumu wa mafuta, na wagonjwa hupapenda kwa sababu hapaumi. Insulini inayochomwa hapo hufyonzwa vibaya, mara kidogo mara nyingi. Ahamie kwenye ngozi nzima, kila sindano ikae sentimita moja au zaidi kutoka ya jana. Lakini tahadhari: ngozi nzima hufyonza vizuri, na dozi ileile inaweza kumshusha. Mwambieni daktari siku mnayohama. Mara nyingi dozi hupunguzwa kidogo, na saa tisa ipimwe wiki hiyo. Sindano ya jioni ichomwe pajani au kalioni, ambako insulini huingia polepole kuliko tumboni, na hilo peke yake hupunguza mashaka ya usiku wa manane. Ya asubuhi ibaki tumboni.

Chupa inayotumika isikae dirishani wala juu ya kabati chini ya bati. Pasipo friji, iwekeni kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ndani ya chungu kidogo kilichowekwa kwenye chungu kikubwa, katikati mchanga unaoloweshwa maji kila siku, mahali penye upepo na kivuli. Andikeni tarehe ya kufungua, na baada ya wiki nne fungueni nyingine. Iliyo ndani ya friji isikaribie sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka na kuonekana nzima.

Usiku wa leo, kabla hamjapanga lolote, pimeni saa nne. Ikiwa chini ya 6, mpeni kikombe cha maziwa na kipande cha mkate kabla hajalala, na wekeni glasi, kijiko na sukari karibu na kitanda chake. Mtu mmoja alale naye chumbani, na aweke kengele ya simu saa tisa. Mkienda kliniki bebeni daftari la namba, chupa ya insulini mnayoitumia, bomba la sindano na mashine yenyewe. Msiridhike na kipimo cha damu cha HbA1c peke yake: ni wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, na mtu anayeshuka hadi 3 usiku na kupanda hadi 14 asubuhi anaweza kupata wastani mzuri. Dozi au saa ya sindano ikibadilishwa, kipimo cha saa tisa kirudiwe usiku wa pili na wa tatu. Kirudiwe pia kila mpangilio wa chakula unapogeuka: msimu wa kulima, akiugua malaria au kuharisha, na Ramadhani ikiwa anafunga. Kwa dozi za namna hii, kuhusu kufunga azungumze na daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama.